Malipo yenye utata kwenye vitabu vya sonara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye maduka ya vito Mbeya, Iringa na Njombe

Kazi yangu ni kufunga hesabu za maduka ya vito na karakana za usonara, kuanzia Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya mpaka Makambako na Iringa mjini. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa dukani, nimeulizwa kwenye simu saa nne usiku, na mengine nimeulizwa na watu walioshika mkononi barua ya makadirio (ile inayosema unadaiwa kodi kiasi gani) huku sauti ikiwakauka. Majibu yangu yanamlenga mwenye duka dogo au la kati, asiye na wakili wa kudumu na ambaye mhasibu wake hupita mara moja kwa mwezi.

Sheria za kodi tunazozigusa ni tatu: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 (Sura ya 332), Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 (Sura ya 438) na Sheria ya Rufani za Kodi (Sura ya 408). Kila mwaka bajeti ikipita, Sheria ya Fedha hubadilisha vifungu vyake kadhaa, kwa hiyo kabla hujaweka sahihi yako popote, hakikisha kiwango unachokitumia ndicho kinachotumika mwaka huo.

Malipo yenye utata ni yapi hasa?

Ni pesa iliyotoka dukani bila ubishi, ila haijulikani vizuri ilikwenda kwa nani na kwa kazi gani. Kwa masonara nimekutana nayo kwa sura zilezile miaka yote: kamisheni kwa "watu wa Chunya" (kule kwenye machimbo ya dhahabu) wasio na majina, dhahabu chakavu iliyonunuliwa kwa wateja bila kipande cha karatasi, "usafiri na chakula" yenye tarakimu za mviringo kila mwezi, mshahara wa ndugu ambaye hakuna fundi aliyewahi kumwona, na ile inayoitwa chai.

Kila moja ina jibu lake, na kosa la kwanza ninalolikuta ni kuzichanganya zote kwenye fungu moja liitwalo "gharama nyinginezo". Mkaguzi huanzia hapo kusoma. Hata mimi ningeanzia hapo.

Kama pesa kweli niliitoa, kwa nini Mamlaka ya Mapato (TRA) waikatae?

Kwa sababu sheria haiishii kwenye kuuliza kama ulitoa. Inauliza kama gharama ile ilitumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya biashara. Ada ya shule ya mtoto uliitoa kweli, lakini haikuyeyusha dhahabu wala haikuuza pete. Hiyo ni matumizi yako binafsi, na ikiingia kwenye vitabu vya duka itatolewa.

Gharama ikikataliwa, inarudi kuwa faida. Kwa kampuni kiwango cha kodi ya mapato ni asilimia 30. Malipo ya shilingi milioni 30 yakikataliwa, deni jipya ni milioni 9 kabla hujahesabu riba ya kuchelewa, na riba hiyo inaanza kuhesabiwa tangu kodi ile ilipostahili kulipwa. Haingoji siku ulipopata barua. Hapo ndipo watu wengi hushtuka.

Nani anapaswa kuthibitisha, mimi au wao?

Wewe. Mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ni makubwa mno au yana makosa uko kwa anayekata rufani. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wema kabisa wakienda kwenye shauri na maneno ya kweli na mikono mitupu, wakiamini kwamba wasiposhikwa na uongo basi wameshinda. Sivyo inavyokwenda. Shauri la malipo yenye utata huamuliwa zaidi na kile kilichoandikwa siku pesa ilipotoka kwenye droo kuliko na kile kinachosemwa miaka mitatu baadaye.

Nimenunua dhahabu kwa mchimbaji mdogo Chunya, hana mashine ya risiti za kielektroniki (EFD). Nifanye nini?

Swali hili ndilo kubwa kuliko yote huku kwetu, nami nitalijibu kwa urefu.

Dhahabu ya uwanda wa Lupa, huko Chunya, imekuwa ikiingia Mbeya tangu miaka ya 1920, na kwa muda mrefu ilipita mkononi: mchimbaji, dalali, sonara, na mwisho wake hapo. Wazee wengi wa kazi hii walijifunza biashara katika utaratibu huo na bado wanauona wa kawaida. Tangu 2019 mambo yamebadilika. Serikali ilianzisha masoko ya madini, la Chunya likiwa mojawapo, na mwaka huohuo Bunge likawaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ili waache kuuza gizani. Sokoni dhahabu inapimwa uzito na usafi, mrabaha unalipwa (kiwango cha kawaida cha dhahabu tangu marekebisho ya 2017 ni asilimia 6) pamoja na ada ya ukaguzi, na wewe mnunuzi unaondoka na nyaraka.

Nyaraka hizo ndizo ushahidi wako. Zinaonyesha gramu, usafi, bei, tarehe na muuzaji. Mkaguzi akizikuta zimefungwa pamoja na taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha malipo yaleyale siku ileile, sijaona akibishana nazo.

Ukinunua nje ya soko, kwa mtu asiye na leseni, una matatizo mawili yanayotembea pamoja. La kwanza ni la kodi: huna cha kuonyesha. La pili ni la madini: kufanya biashara ya madini bila leseni ni kosa lenyewe, na kwa hiyo siku utakapojitetea mbele ya watu wa kodi kwa kusema "nilinunua kwa fulani kule machimboni usiku", umejiandikia kosa jingine. Hakuna hesabu nzuri ninayoweza kukutengenezea juu ya ununuzi wa namna hiyo. Nakuomba tu usiufanye tena, na ukitaka kununua mara kwa mara, uliza kwenye ofisi ya madini habari za leseni inayofaa biashara yako.

Je, mteja akija kuniuzia pete au mkufu wake wa zamani?

Hapo hali ni tofauti, maana mama aliyekuja na hereni za bibi yake si mfanyabiashara na hawezi kukupa risiti ya EFD. Wala sheria haitegemei awe na mashine. Lakini hilo halikupi ruhusa ya kuandika "dhahabu chakavu, 850,000" na kufunga daftari.

Andika vocha ya malipo hapohapo mezani, yeye akiwa amekaa: jina kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu, maelezo ya kitu chenyewe (hereni mbili, moja haina kishikio), uzito kwa gramu, karati uliyopima, bei ya gramu, jumla, sahihi yake na yako. Kipige picha kitu hicho kikiwa juu ya mizani, namba zikisomeka. Mlipe kwa simu au benki, hata kama ni hela ndogo, ili kuwe na mtu wa tatu anayeshuhudia. Usikiyeyushe siku hiyohiyo. Mbali na kodi, vocha hiyo ndiyo itakayokulinda siku polisi wakija kuulizia mkufu ulioibwa Uyole.

Wauzaji wa madini na vito vya thamani wametajwa pia katika Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006, hivyo kumtambua mteja ni wajibu wako kisheria. Ukimwomba kitambulisho usione kama unamdhalilisha. Mwambie, "Mama, hii ni kwa usalama wako na wangu," na wengi wanaelewa. Anayekataa kabisa kutaja jina lake, mwache aende na dhahabu yake.

Jambo moja dogo linalosahaulika: mteja anayeleta dhahabu yake umtengenezee pete za ndoa hajakuuzia chochote. Hapo mapato yako ni ujira wa ufundi, na labda dhahabu uliyoongeza. Fungua daftari la kazi za wateja, uandike gramu zilizoingia na zilizotoka. Ukiichanganya na mali ya duka, vitabu vitaonyesha umeuza vitu ambavyo hukuvinunua, na hapo umejitengenezea utata usiokuwepo.

Wanajuaje kwamba manunuzi yangu hayalingani? Hawajui kazi ya usonara.

Wanaijua hesabu, na inatosha. Karati 24 ni dhahabu safi, karati 18 ni asilimia 75. Tuseme vitabu vyako vinaonyesha ulinunua gramu 200 za dhahabu safi mwaka mzima, na risiti zako zinaonyesha uliuza vito vya karati 18 vyenye gramu 400. Ndani ya gramu 400 hizo kuna gramu 300 safi. Kama mwaka haukuanza na akiba, gramu 100 zimetoka wapi? Ni ununuzi usioandikwa, na mkaguzi ataanza kukuuliza ulizilipia kwa pesa ipi.

Kinyume chake nacho kipo. Umenunua gramu 300 safi, umeuza gramu 320 za karati 18, yaani gramu 240 safi. Sitini zilizobaki lazima ziwe kwenye kabati, kwenye vumbi la meza ya fundi, au ziwe zimepotea kwenye moto na tupa. Upotevu upo, kila fundi anaujua, ila hakuna fundi atakayekubali kwamba moja ya tano ya dhahabu yake imekwenda na moshi. Kama stoo haina zile gramu 60, basi ama uliziuza bila risiti, ama hukuzinunua kamwe na vocha zake ni za kubuni.

Kwa hiyo nawashauri masonara wote wafanye hesabu hii wenyewe kila mwisho wa mwezi, tena kwa gramu. Mkiwa bado mnapima kwa tola, andikeni na gramu pembeni. Tola moja ni gramu 11.66. Upotevu wa kila kazi uandikwe siku ya kazi, na vumbi lipimwe linapokwenda kusafishwa.

Namlipa dalali anayeniletea wateja wa harusi. Kamisheni yake inakubalika?

Inakubalika kama ni kazi halisi na ina karatasi: makubaliano ya maandishi hata ya ukurasa mmoja, orodha ya wateja aliowaleta, namba yake ya mlipakodi, na malipo yanayoonekana. Ila kuna kodi ya zuio, yaani kodi unayoikata kwenye malipo kabla hujampa mwenyewe. Unapomlipa mkazi ada ya huduma inayoangukia kwenye zuio, kiwango ni asilimia 5. Ukimlipa milioni 4, unakata 200,000, unaipeleka TRA na kumpa cheti chake. Usipokata, deni linakugeukia wewe. Nimeona duka likishinda hoja ya gharama yenyewe, halafu likadaiwa zuio la miaka yote ile. Kama hujui malipo yako yanaangukia wapi, uliza kabla ya kulipa.

Na ile chai tunayotoa ili mambo yaende?

Nimeulizwa hili kwa sauti ya chini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nami nitalijibu kwa sauti ya kawaida. Rushwa haikatwi kwenye mapato. Sheria ya Kodi ya Mapato inaitaja kwa jina lake miongoni mwa gharama zisizoruhusiwa, pamoja na faini zinazolipwa serikalini. Kuiandika kama "kamisheni", "ushauri" au "usafiri" hakuibadilishi. Kunaongeza taarifa ya uongo juu ya kosa lililokwisha kufanyika, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea.

Wapo wanaosema kwamba nchi za wenzetu zinaruhusu. Ziliwahi. Ujerumani, kwa mfano, kampuni zilikuwa zikikata kwenye kodi rushwa zilizotoa nje ya nchi mpaka miaka ya 1990, kisha sheria ikabadilishwa. Leo huwezi kulitumia hilo kama kinga.

Ninajua kwamba wengi wanaotoa hawatoi kwa furaha. Mwenye duka mmoja, mtu mzima ninayemheshimu kama baba, alinionyesha kijitabu alichokuwa akiandika kila alichotoa kwa miaka minne, tarehe na kiasi, bila majina. Alikitunza akidhani kuna siku kitamsaidia kwenye kodi. Ilinibidi nimwambie kwamba kijitabu kile hakiwezi kupunguza hata shilingi moja, na nikamwona akikifunga polepole. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu pesa ile ingetosha kumnunulia mashine mpya ya kuvuta waya.

Njia ya kutofautisha ni rahisi: malipo halali ya serikali yana kumbukumbu namba ya malipo (control number) na stakabadhi. Mtu akikuomba pesa isiyokuwa na hivyo, mwombe kumbukumbu namba kwa upole. Akisisitiza, TAKUKURU wana ofisi katika mikoa yetu yote.

Mke wangu anakaa dukani. Naweza kumwandikia mshahara?

Ndiyo, kama kweli anafanya kazi na kiasi kinalingana na ambacho ungemlipa mtu baki. Andika mkataba, mwingize kwenye orodha ya mishahara, na kipato kikizidi 270,000 kwa mwezi kata PAYE (kodi ya mshahara). Mtoto aliyeko chuo Dodoma hawezi kuwa muuzaji wa duka la Iringa siku hizohizo.

Nalipa kodi kwa makadirio ya mauzo, sina vitabu vya gharama. Haya yananihusu?

Kidogo. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka aliye kwenye utaratibu huo hutozwa kwa mauzo, kwa hiyo ubishi wa gharama haupo. Ubishi wako utakuwa kwenye mauzo yenyewe. Kwa bei ya dhahabu ya sasa, duka la vito hufika kwenye kikomo hicho haraka kuliko duka la nguo.

Barua ya makadirio imefika leo. Nianzie wapi?

Andika tarehe uliyoipokea juu ya bahasha. Una siku 30 tangu siku hiyo kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, kwa maandishi, ukitaja kila hoja unayoipinga na sababu zake. Siku 30 zinakwisha haraka, hasa barua inapokuwa ya Kiingereza na ikakaa wiki mbili chini ya mizani ikisubiri mtoto wa dada aje aisome. Ukichelewa kwa ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi, unaweza kuomba muda uongezwe. "Nilikuwa na kazi nyingi" haijawahi kumsaidia mtu ninayemjua.

Pingamizi halipokelewi bila kulipa sehemu. Unalipa kodi usiyoipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Turudi kwenye mfano wa milioni 9. Tuseme unakubali kwamba malipo ya milioni 6 yalikuwa ya nyumbani. Kodi yake ni 1,800,000. Theluthi ya milioni 9 ni 3,000,000. Unalipa 3,000,000. Lakini ukikubali malipo ya milioni 12, kodi yake ni 3,600,000, na hicho ndicho unacholipa. Kama huna uwezo, unaweza kumwomba Kamishna Mkuu apunguze au akuondolee sharti hilo, ukieleza sababu, na ombi hilo liandikwe mapema.

Kisha gawanya malipo yanayobishaniwa katika mafungu matatu juu ya meza: yenye karatasi kamili, yenye karatasi nusu, na yasiyo na kitu. La kwanza lipiganie. La pili litafutie ushahidi wa pembeni: taarifa za simu, fundi aliyeipokea dhahabu, mteja aliyeuziwa kito. La tatu likubali. Pingamizi linalokiri palipo na kosa husomwa kwa uzito zaidi pale linapobisha.

Naweza kuandika vocha sasa kwa malipo ya zamani? Watu wenyewe wapo na watasaini.

Hapana. Usiandike vocha ya tarehe ya nyuma, hata kama malipo ni ya kweli. Nilikuta mahali fulani vocha za miaka mitatu zilizoandikwa kwa kalamu moja, kwenye kitabu ambacho nyuma yake kimeandikwa kuwa kilichapishwa mwaka wa nne. Baada ya hapo hata manunuzi safi ya duka lile yalianza kutiliwa shaka. Unachoweza kufanya ni kumwomba aliyelipwa atoe tamko la leo, lenye tarehe ya leo, akieleza alipokea nini na lini. Ni ushahidi dhaifu kuliko vocha, lakini ni wa kweli.

Pingamizi likikataliwa?

Kuna Bodi ya Rufani za Kodi. Taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 30 tangu upokee uamuzi, na rufani yenyewe ndani ya siku 45. Usiporidhika, Baraza la Rufani za Kodi: kusudio siku 15, rufani siku 30. Juu yake ni Mahakama ya Rufani, na hiyo husikiliza hoja za sheria peke yake. Kwa hiyo ushahidi wa gramu na vocha uweke wote mbele ya Bodi, usiache kitu ukidhani utakileta mbele. Kwa hatua hizi tafuta wakili au mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Kama lalamiko lako ni la namna ulivyohudumiwa, si la kiasi cha kodi, ipo pia Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi.

Nitunze karatasi kwa muda gani?

Miaka 5, na zaidi kama shauri bado linaendelea. Wino wa risiti za EFD hufifia, na unyevu wa Tukuyu na Njombe huzimaliza haraka, kwa hiyo zipige picha au zitoe nakala wiki hiyohiyo.

Kuna kijana anasema analimaliza suala langu kwa milioni moja na nusu, bila pingamizi. Nimsikilize?

Muulize mambo mawili: kumbukumbu namba ya malipo iko wapi, na barua ya kufuta makadirio itasainiwa na nani. Wakati anatafuta majibu, siku zako 30 zinaendelea kuhesabiwa. Chukua barua yako, uende nayo ofisi ya TRA ya mkoa, uombe kuonana na aliyeisaini, na uondoke na nakala ya pingamizi lako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.